Igizo Liandikwe Kigangoni, Lisiandikwe Bwenini



Kwa wiki mbili sasa sisi mafrateri wa falsafa tumekuwa na mabishano yaliyoanza mezani, yakahamia bustanini wakati wa kazi za mikono, na juzi yakatufuata hadi kwenye foleni ya kuosha vyombo. Tunabishania igizo. Likizo ya mwezi wa sita kundi letu litapelekwa vigangoni kwa utume, na mada tuliyopewa ni ndoa, hasa hali ya waumini wanaoishi pamoja miaka mingi bila sakramenti, ile ambayo mitaani imepewa jina la uchumba sugu. Upande mmoja unasema igizo liandikwe hapa seminarini, likaririwe vizuri, lipitiwe na walezi, kisha tuzunguke nalo vigango tisa. Upande wa pili unasema twende na madaftari matupu, tusikilize kwanza, igizo lizaliwe huko huko. Sisi tunaoandika makala hii ni wa upande wa pili, na tunaomba nafasi ya kueleza kwa nini, maana kwenye foleni ya vyombo hoja haimaliziki.

Tuanze na jambo lililo wazi. Sisi ni vijana wa miaka 25 hivi, wengine pungufu. Hatujaoa na, Mungu akipenda, hatutaoa. Hatujawahi kukaa kwenye mkeka kupanga mahari wala kuitisha kikao cha michango ya harusi. Tunachokijua kuhusu uchumba sugu ni kile tulichosoma na kile tulichokiona nyumbani tukiwa watoto. Mswada uliopendekezwa na wenzetu una mume mlevi, mke mvumilivu na katekista mwenye hekima. Mwishoni mlevi anaugua, anatubu, wanafunga ndoa, kwaya inaimba. Wenzetu hawa tunawapenda, na frateri atakayeigiza mlevi ana kipaji cha kuyumba ambacho hatujui alikitoa wapi. Lakini mswada huo unadai kwamba watu hawafungi ndoa kwa sababu ni wazembe au wadhambi sugu, na dai hilo halijapimwa na mtu yeyote anayeishi hali hiyo.

Mwaka jana, katika utume wa wikiendi, tuliketi kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo moja, na baba mmoja wa makamo akatuambia hivi: “Frateri, mimi ndoa sikatai. Mahari ilibaki ng’ombe wawili, na baba mkwe akafariki sijamaliza. Mashemeji wanasema nikimaliza ndipo watakuja kanisani kusimama na dada yao.” Mama watoto wake aliyekuwa ameketi pembeni akaongeza: “Na hata wakija, watakula nini? Na sare za wasimamizi nani ananunua?” Wana watoto sita. Kila Jumapili wako kanisani, na wakati wa Komunyo hubaki wameketi kwenye benchi. Katika habari yao hamna mlevi.

Swali letu, basi, ni hili: nani ana haki ya kuandika igizo juu ya maisha ya baba huyu? Wapo waliolijibu kwa vitendo, mbali sana na hapa, nasi tumekutana na habari zao tulipokuwa tukisoma falsafa ya sanaa.

Nchini Marekani, nje ya biashara kubwa ya maonyesho ya Broadway jijini New York, kuna kampuni nyingi za tamthilia za mikoani zisizo za kibiashara. Zilianza kuchipua katikati ya karne iliyopita: Margo Jones alianzisha yake Dallas mwaka 1947, Arena Stage ikaanza Washington mwaka 1950, Guthrie ikafungua milango Minneapolis mwaka 1963. Kusema kwamba kampuni haitafuti faida si kusema haishiki fedha. Maana yake ni kwamba hakuna mwenye hisa anayegawiwa kinachobaki, kinarudi kazini. Tiketi peke yake haitoshi kuendesha kazi, kwa hiyo hutegemea wafadhili, na sheria humpunguzia kodi anayechangia. Kampuni kama hizo kwa kawaida huwa pia na programu za jamii: huenda mashuleni, hufundisha vijana kuigiza, huwaita wakazi wa mitaa wanakofanyia kazi. Kwa maoni yetu nyingi ya programu hizo ni za ziada tu. Chakula chenyewe huliwa ukumbini, na jamii hupelekewa kilichobaki kwenye sufuria.

Cornerstone Theater Company ilikwenda kinyume na mpango huo. Jina lake maana yake ni jiwe la pembeni, na msomaji wa Zaburi atatabasamu. Iliundwa mwaka 1986 na Bill Rauch, Alison Carey na wenzao, vijana waliokuwa wametoka chuo kikuu cha Harvard muda si mrefu, umri wao haukupishana sana na wetu. Badala ya kutafuta ukumbi mjini wakaanza kuzunguka vijijini na kwenye miji midogo, na kila walipofika walikaa kwa miezi. Huko Marmarth, North Dakota, mji wa watu wasiofika 200, waliigiza Hamlet pamoja na wakazi. Huko Port Gibson, Mississippi, walicheza Romeo na Juliet, familia moja ikiwa ya Weusi na nyingine ya Wazungu, katika mji ambao rangi ilikuwa imewatenga watu kwa vizazi. Mwaka 1991 wakawakusanya watu kutoka miji ile yote waliyoipitia, wakazunguka nao nchi wakiwa na igizo moja. Mwaka uliofuata wakahamia Los Angeles, na wapo huko mpaka leo.

Utaratibu wao ndio unaotuhusu. Kwanza wanaketi na watu wa mahali, mara nyingi kwa mviringo, kila mmoja anasimulia na hakuna anayemkatiza. Mwandishi anasikiliza, anarudi kwenye meza yake, anaandika. Kisha rasimu inasomwa mbele ya wale wale waliosimulia, nao wanasema hapa sivyo, hapa umetupamba, hapa umetuonea. Mwandishi anarekebisha. Wanapopanda jukwaani, waigizaji wa kazi hiyo husimama bega kwa bega na mwenye duka, mwanafunzi na bibi ambaye hajawahi kuigiza. Mlangoni, mtu hulipa anachoweza.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitumia utaratibu huo kwa miaka kadhaa na jumuiya za dini mbalimbali za Los Angeles, Waislamu, Wayahudi, Wakatoliki na wengine, jumuiya baada ya jumuiya. Igizo lililohusu Wakatoliki lilitokana na safari za wahamiaji. Mwaka 2005 wakafunga mzunguko ule kwa igizo moja lililowaunganisha wote. Tuseme ukweli, si kila walichokiweka jukwaani katika miaka ile kingepita mikononi mwa walezi wetu bila maswali, na baadhi ya maswali hayo sisi wenyewe tungeyauliza. Lakini Mkatoliki mhamiaji wa Los Angeles hakusikia habari zake zikisimuliwa na mtu ambaye hakuwahi kumwuliza.

Hapo kwenye kusoma rasimu ndipo penye uzito wote. Kikundi kikienda kijijini kikaigiza, hicho ni kikundi kilichosafiri. Kinakuwa cha jamii pale jamii inapokuwa na mamlaka ya kukisahihisha kabla ya siku ya onyesho.

Tumeona pia aina nyingine. Katika kigango kimoja tulichotembelea, kikundi cha sanaa kililetwa na gari la mradi fulani kuigiza juu ya mimba za utotoni. Waliigiza vizuri, watu walicheka sana. Binti aliyepata mimba alilia, akafukuzwa shule, akajuta. Kisha fulana zikagawiwa, watu wakasaini karatasi ya mahudhurio, picha zikapigwa, gari likaondoka kabla jua halijazama. Waliobaki wakawa wanaulizana wenyewe kwa wenyewe, na mama mmoja akauliza kwa sauti: “Mbona aliyempa mimba hatukumwona?” Lilikuwa swali bora kuliko igizo zima, na hapakuwa na mtu wa kulipokea. Waigizaji hatuwalaumu, nao wana watoto wa kulisha. Lakini anayelipwa kwa idadi ya sahihi atatafuta sahihi. Fedha ya msaada nayo ina njia zake za kumfanya msanii amwangalie mfadhili badala ya kumwangalia mtazamaji, hata kama hakuna anayegawana faida.

Msomaji asidhani kwamba kusikiliza ni uvumbuzi wa Wamarekani. Miaka kadhaa kabla ya Cornerstone kuzaliwa, wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya, walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kuketi watu 2,000. Ngũgĩ wa Thiong’o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika Ngaahika Ndeenda, na mazoezi yalifanyika hadharani, kila mpita njia akiwa na ruhusa ya kusema. Wazee walisahihisha lugha ya wazee, wafanyakazi wakasahihisha habari za kazi. Onyesho lilianza Oktoba 1977. Katikati ya Novemba serikali ikafuta kibali, na mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong’o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa kwa karibu mwaka mzima. Machi 1982 ukumbi wenyewe ulibomolewa.

Wengi tunaikumbuka habari hiyo kama ya siasa. Tulipoisoma tamthilia yenyewe, ambayo kwa Kiswahili inaitwa Nitaolewa Nikipenda, tulikuta kwamba inatugusa pabaya zaidi. Kiguunda na Wangeci ni mume na mke maskini wenye ekari moja na nusu. Tajiri Mkristo na mkewe wanawashawishi wabariki ndoa yao kanisani. Ili harusi iwe ya heshima, Kiguunda anaweka hati ya shamba rehani, anakopa, na shamba linapotea. Ndiyo mada yetu ya mwezi wa sita! Tofauti ni kwamba sisi tungemweka katekista mwenye hekima mahali ambapo watu wa Kamĩrĩĩthũ walimwona tajiri mwenye Biblia mkononi. Mtu anaweza kusema tamthilia ile inalionea Kanisa, na sisi pia tunaona kuna kurasa inapofanya hivyo. Lakini uhusiano kati ya harusi na deni haukubuniwa na mwandishi. Yule mama wa sare za wasimamizi aliutaja bila kusoma tamthilia yoyote.

Hapa Tanzania nako, mwaka 1982 na 1983, Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi ya namna hiyo katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Walichunguza matatizo pamoja na wanakijiji, wakatumia ngoma na michezo ambayo vijana wa pale walikuwa nayo tayari, na baada ya maonyesho kukawa na majadiliano na ufuatiliaji. Mojawapo ya mambo yaliyojitokeza lilikuwa mimba za wasichana. Miaka zaidi ya 40 imepita, na gari la mradi bado linaondoka kabla ya jua kuzama.

Kama wanafalsafa tunapaswa pia kumsikiliza anayeshuku sanaa hii. Plato tunamfahamu, aliwatoa washairi nje ya mji wake. Anayetusumbua zaidi ni Mtakatifu Agostino. Katika kitabu cha tatu cha Maungamo anakumbuka alivyopenda maonyesho ya Karthago, na analalamika kwamba mtazamaji pale haitwi kumsaidia anayeteseka, anaitwa tu ahuzunike, na kadiri anavyohuzunika ndivyo anavyofurahi. Ni shtaka zito, na kwa igizo la mlevi wetu halina jibu. Watu watamcheka, watamhurumia mkewe, watapiga makofi, na yule baba wa ng’ombe wawili atarudi nyumbani akiwa na ng’ombe wale wale wawili mabegani. Lakini shtaka linapungua nguvu pale mtazamaji anapoitwa kuingia. Mbrazili Augusto Boal, kwa mfano, alifundisha kulisimamisha igizo katikati na kumwita mtu kutoka kwa watazamaji apande aonyeshe yeye angefanya nini. Agostino hakuliona hilo Karthago. Tungependa kujua angesemaje.

Tunaye pia shahidi wa nyumbani mwetu. Mwaka 1941, Kraków ikiwa chini ya Wanazi, Karol Wojtyła alikuwa mmoja wa vijana wachache wa Teatr Rapsodyczny, kikundi cha Mieczysław Kotlarczyk kilichofanya maonyesho kwa siri majumbani mwa watu. Mwaka uliofuata akaingia seminari, nayo ilikuwa ya siri. Baadaye, akiwa tayari Askofu Msaidizi, alichapisha mwaka 1960, kwa jina la bandia, tamthilia juu ya ndoa ambayo jina lake ni Duka la Sonara. Kabla ya hapo alikuwa mlezi wa wanafunzi wa chuo kikuu, akapanda nao milima, akapiga nao kasia, akasikiliza uchumba wao na ndoa zao changa. Mtakatifu Yohane Paulo II hakuandika juu ya ndoa kutoka bwenini.

Wenzetu wana mapingamizi, na mawili kati ya hayo si mepesi. La mafundisho tunaliona jepesi: wanauliza kama tutawaachia waumini walisahihishe Kanisa. Hapana. Sakramenti ya ndoa haiendi kigangoni kupigiwa kura. Kinachosahihishwa ni picha yetu ya maisha yao, na picha hiyo haina ulinzi wowote wa kutokukosea.

La muda ni zito. Cornerstone walikaa miezi, sisi tuna siku 18. Kwa vigango tisa, hiyo ni siku mbili kila kimoja, hata majina ya wazee hatutayashika. Pendekezo letu ni kwenda vigango viwili tu, siku tisa kila kimoja: nne za kusikiliza katika Jumuiya, mbili za kuandika na kusoma rasimu mbele ya wenyeji, mbili za mazoezi tukiwa nao, moja ya onyesho. Vigango saba vitatukosa, na paroko atalazimika kuvieleza. Hiyo ni hasara ya kweli na hatuna njia ya kuifunika.

Lililo gumu kuliko yote ni la siri. Kigango ni kidogo. Ukiigiza habari ya ng’ombe wawili, kabla ya sentensi ya pili kila mtu ameshageuka kumtazama mwenye habari. Mtu aliyetufungulia moyo kwenye Jumuiya anaweza kujikuta kichekesho kisimani kwa mwaka mzima. Hapa tunakubaliana na wenzetu kabisa kwamba afadhali igizo baya kuliko kumwaibisha muumini. Tunachopendekeza ni kwamba simulizi za kigango cha kwanza zichanganywe na kupewa wahusika wa kubuni, kwamba kila aliyesimulia asikie rasimu faraghani kabla ya wengine, na kwamba akisema ondoa, tunaondoa bila kumwuliza sababu. Na lolote linalosemwa kwa namna ya kuomba ushauri wa kiroho lisiingie daftarini hata kidogo. Kama Baba wa Roho ataona bado kuna hatari, tutamsikiliza, na huenda akaona jambo ambalo sisi hatujaliona.

Kuhusu fedha, kumekuwa na wazo kwamba mlangoni tutoze shilingi 1,000 kusaidia gharama za usafiri. Tunaliomba liachwe. Mama ambaye habari yake imo ndani ya igizo hawezi kutozwa ili aitazame. Kiwekwe kikapu, atakayeweza aweke, na kitakachopatikana kibaki kigangoni, mikononi mwa kamati ya walei. Tungependa sana kiwe mwanzo wa kununua kitambaa cha sare ambazo wasimamizi wa ndoa wataazimana, lakini hilo si letu kuamua.

Mkutano na Padre Gombera ni Alhamisi baada ya Masifu ya Jioni. Fomu ya ratiba inatutaka tutaje jina la igizo, idadi ya wahusika na muda wake. Kwa muda tumeandika dakika 40. Sehemu nyingine mbili tumeziacha wazi, na tumeambatanisha barua ya ukurasa mmoja kueleza kwamba tutazijaza tukiwa huko.